Hadidiski imeanguka inalia tik tik, ndani kuna mafaili ya siri ya familia. Nayatoaje bila mtu baki kuyaona?

MamaWawili_Moro:

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka maana toka juzi sijalala vizuri.

Nina hadidiski ya nje, ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB, 1TB, nipo nayo toka 2017. Juzi jioni nilikua nahamisha picha kwenye laptopu, mwanangu mdogo akapita mbio akavuta waya, ikadondoka toka mezani hadi kwenye marumaru na ilikua inafanya kazi. Nimeichomeka tena taa inawaka, inalia tik... tik... tik kama saa ya ukutani, inanyamaza, inaanza upya. Mara moja tu ilitokea kwenye kompyuta ikaniambia niifomati kwanza ndo niitumie, nikakataa.

Ndani yake kuna sauti ya marehemu baba. Alifariki 2021, na miezi yake ya mwisho nilikaa nae nikamrekodi anasimulia ukoo wetu, nani kazaliwa wapi, mipaka ya shamba la babu imepita wapi, mkorosho upi ndo alama. Kopi nyingine sina, simu niliyorekodia ilishaibiwa zamani. Kuna skani za hati ya kiwanja na vyeti vyetu wote. Halafu kuna vitu ambavyo sitaki mtu avione, mambo yangu na mume wangu, majibu ya hospitali, na picha za mama akiwa amelazwa katika hali ambayo yeye mwenyewe asingekubali hata jirani amwone.

Nimeenda kwa fundi mmoja hapa mjini akatoa bisibisi akataka kuifungua hapo hapo mezani na feni inapuliza, nikaichukua nikaondoka. Wa pili akasema niiache nirudi wiki ijayo, nikamuuliza nani mwingine ataishika akajibu "we usijali". Mi najali. Sasa naombeni mnisaidie, inawezekana kutoa vitu vyangu bila mtu kuvifungua? Na kama haiwezekani nampaje mtu hii kitu nikiwa na amani?

fundi_diski:

Pole sana dada. Kitu cha kwanza, kama hapo ulipo imechomekwa ichomoe. Usiiwashe tena kuangalia kama leo itakubali.

Ngoja nikueleze kwanini. Mle ndani kuna sahani zinazozunguka, hizi ndogo nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, yani 90 kila sekunde. Juu ya sahani kuna kichwa cha kusomea ambacho hakigusi, kinaelea nanomita chache tu juu yake, wakati unywele wa mtu unene wake ni makumi elfu ya nanomita. Sasa ikidondoka huku inazunguka kile kichwa kinaweza kuigonga sahani. Kikipinda, kila ukiiwasha kinakwangua, na kinachokwanguliwa ndo hiyo sauti ya mzee. Unga unaotoka pale unasambaa unaharibu na sehemu ambazo zilikua nzima. Watu wengi diski zao haziuliwi na ajali yenyewe, zinauliwa na zile siku tatu za kuchomeka chomoa baada ya ajali.

Na umefanya vizuri sana mambo mawili, kukataa kufomati na kumnyima yule wa bisibisi. Chembe ya vumbi ni kubwa kuliko ile nafasi kati ya kichwa na sahani. Wanaozifungua kweli wanafungulia kwenye kabati maalum lenye hewa iliyochujwa, wanachukua vichwa vya diski nyingine ya modeli ile ile wanapandikiza. Siyo kazi ya mezani.

Ila usikate tamaa bado, tik tik haina maana moja. Kuna tik tik ya kichwa kilichokufa na kuna tik tik ya njaa ya umeme, diski inajaribu kuzunguka umeme hautoshi inarudi mwanzo. Naomba unijibu bila kuichomeka. Wakati inalia ulikua umechomeka moja kwa moja kwenye laptopu au kupitia kitu kingine? Waya ni ule ule uliovutwa? Na ile mara moja ilipotokea, ilisema ukubwa gani?

Kijana_wa_Tabata:

Dada mi yangu ilikua hivo hivo mwaka 2012 nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaiweka kwenye friza usiku kucha, asubuhi ikawaka nikawahi kukopi vitu vyangu. Pia igonge gonge taratibu pembeni na kiganja huwa inaachia. Jaribu huna cha kupoteza

fundi_diski:

Kaka naamini ilikutokea, ila usimshauri dada wa watu hivo, anacho cha kupoteza kikubwa sana. Diski hizi siyo kopo lililozibwa, zina kitundu kidogo chenye chujio kinachopitisha hewa. Ukiitoa kwenye friza ukaileta kwenye joto la kwetu inatoka jasho kama chupa ya soda, ndani na nje, alafu unaizungusha sahani yenye unyevu chini ya kichwa kinachoelea nanomita chache. Ile stori ya friza ilizaliwa na diski za zamani ambazo vichwa vilikua vinaganda kwenye sahani, na hata enzi hizo ilikua bahati. Na kugonga diski iliyoanguka ni kuiangusha mara ya pili.

MamaWawili_Moro:

Asante kaka fundi, nimeichomoa na nimeifunga kwenye kitambaa.

Majibu yangu: nilikua naichomeka kupitia kile kidude cha kugawa poti ziwe nne, maana laptopu yangu poti moja imekufa, na kwenye hicho kidude kuna mausi na fleshi ya intaneti pia. Waya ni ule ule, ule wenye kichwa kipana upande wa diski, na nikiangalia vizuri kichwa chake kimelegea, ukikigusa kinacheza. Ile mara ilipotokea ilisema 931.

fundi_diski:

931, yani GB 931, ni habari njema kuliko unavyodhani. Diski ya 1TB Windows inaihesabu hivo hivo, kwahiyo ubongo wake bado unaongea na unajijua. Diski ambayo imekufa vichwa mara nyingi inajitaja 0 au haijitaji kabisa. Na poti ya USB ya kawaida ya zamani inatoa miliampia 500, zile za USB 3 900, wewe ulikua unazigawa na mausi na fleshi kupitia waya uliolegea. Sikuahidi kitu, lakini kuna uwezekano tik tik yako kwa sehemu ni njaa.

Sasa sikiliza vizuri, tutaijaribu mara moja tu na siku hiyo uwe umeshajiandaa kabisa kama mtu anayeenda kujifungua, begi liko mlangoni, maana ikiwaka inaweza isiwake tena. Tafuta diski nyingine mpya ya 2TB. Tafuta waya mpya mfupi. Tafuta kompyuta yenye poti nzima ya USB 3, hata ya kuazima. Na fleshi tupu uiwekee SystemRescue, ni Linux ya bure inayowaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa Windows.

Kwanini siyo Windows? Kwasababu Windows ukiichomekea diski mgonjwa inaanza kupekua folda, kutengeneza vipicha vidogo vya kila picha, na ikiona kosa inakushauri ikurekebishie. Ile chkdsk, programu yake ya kukagua diski, inaandika kwenye diski, inakata vipande vya mafaili yako inaviita takataka. SystemRescue inakaa kimya mpaka uiagize. Na kosa jingine naliona kila siku, mtu anadaunilodi programu ya kurudisha mafaili alafu anaisakinisha ndani ya diski ile ile anayotaka kuiokoa, anafunika alichokua anakitafuta.

Ukishawaka kwenye Linux ndo uchomeke diski yako, sikiliza na sikio. Ikizunguka laini endelea. Ikilia tik zaidi ya mara tatu nne chomoa, tumefika mwisho wa mambo ya nyumbani. Kama imetulia andika lsblk uone majina na ukubwa, hakikisha mara tatu ipi ni ya 931 na ipi ni mpya, maana ukizigeuza utaandika utupu juu ya sauti ya baba. Alafu unatumia programu inaitwa ddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sdX /mnt/mpya/baba.img /mnt/mpya/baba.map

sdX ndo jina la diski mgonjwa, /mnt/mpya ni ile 2TB umeshaipachika (umeiambia Linux iifungue kwa jina hilo), na isiwe na fomati ya FAT32 maana ile haibebi faili linalozidi GB 4. Programu hii inachukua kwanza sehemu nzima nzima, ikikuta pagumu inaruka inaendelea mbele, haibaki inagonga mlango mmoja. Lile faili la map ni ramani ya ilipofika, umeme ukikatika unarudia amri ile ile inaendelea palepale. Ikimaliza ndo unarudi kwenye magumu kwa amri hiyo hiyo ila badala ya -n unaweka -r3. Diski nzima kwa USB 3 ni masaa matatu hivi, mgonjwa inaweza kuchukua siku mbili. Usiiache juani na usiifunike.

Ukishapata imeji, yani lile faili la baba.img lenye kopi ya diski nzima, diski mgonjwa unaiweka kabatini. Kazi yote ya kutafuta mafaili unaifanyia kwenye imeji. Kama folda zinaonekana unakopi tu. Kama hazionekani kuna TestDisk na PhotoRec, zote za bure, ila PhotoRec inarudisha mafaili bila majina wala folda, utakaa unafungua moja moja.

MamaWawili_Moro:

Kaka Mungu akubariki. Mi Linux siijui ila kijana wa dada yangu anasoma kompyuta chuo, anaweza kuja wikiendi. Tatizo ndo lile lile, ni mtoto wangu yule, hizo picha za bibi yake na vitu vyangu ndo kabisa sitaki avione.

fundi_diski:

Mwite bila wasiwasi. ddrescue haifungui picha na haionyeshi hata jina la faili. Inahamisha sekta, yani vile vipande vidogo vya diski, kama mtu anayehamisha maboksi yaliyofungwa, kwenye skrini atakua anaona namba na asilimia tu. Ikimaliza unamwandalia chai, diski zote mbili unazichukua wewe, kufungua imeji atakuelekeza amekaa upande wa pili wa meza.

Bi_Swafiya_Msa:

Salaam dada. Mimi niko Mombasa, na nimeona hujapata wa kukuambia kwamba hofu yako ni ya haki. Miaka kadhaa nyuma laptop ya mdogo wangu ilikufa, ndani mlikuwa na video na picha za kupamba, zile sherehe zetu za wanawake watupu, hakuna mwanamume anaingia, watu wamevua buibui, wamejipamba, bibi harusi amekaa na hina yake. Tukampelekea fundi, akatutolea kila kitu, tukamlipa na kumshukuru. Baadaye mke wa mtu akaja kutuambia ameona picha ya harusi yetu kwenye simu ya kijana asiyetuhusu. Wallahi yule bibi harusi alikaa mwaka mzima haendi sherehe ya mtu. Hatukuwa na la kuthibitisha, hatukuandikishana kitu, hatukujua hata ni wangapi walioishika ile laptop pale dukani.

Kwa hiyo ukilazimika kumpa mtu, uliza maswali yote bila haya. Fundi mwenye heshima zake hatachukia. Ile jibu ya "usijali" ndiyo ingenifanya nami niondoke.

wakili_mtaani:

Pole bi Swafiya, na pole dada. Niongezee upande wangu.

Kwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Kenya wana yao ya 2019. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa mtu anayeingia kwenye data bila ruhusa. Sasa wengi wanadhani ukimpa fundi kifaa umempa ruhusa ya kila kitu, hapana, umempa ruhusa ya kazi mliyokubaliana, ndo maana nasema iandikwe ni kazi gani. Hong Kong mwaka 2008 picha za faragha za msanii Edison Chen zilisambaa dunia nzima, zilitoka kwenye laptopu aliyoipeleka dukani kutengenezwa, na fundi aliyezichukua alihukumiwa jela mwaka uliofuata. Lakini picha zilikua zimeshaenda, hukumu haizirudishi, na waliopata aibu zaidi ni wale wanawake waliokua kwenye picha. Kwahiyo sheria iwe ya akiba tu, jilinde kabla.

Karatasi moja inatosha. Namba ya serial ya diski, kazi inayofanywa, nani ataishika, kwamba data itawekwa kwenye diski utakayoleta wewe, kwamba hatafungua faili zaidi ya yale mliyokubaliana kuyajaribu (mtajie folda ambayo haina siri, mfano ya vyeti vya shule), na kwamba kopi zote zitafutwa mbele yako siku ya kuchukua. Wote mnasaini. Na kama inawezekana kaa pale pale, hata kama ni masaa.

fundi_diski:

Nakubaliana na wakili, na niwe mkweli kwa niaba ya mafundi. Diski ikifika hatua ya kubadilishwa vichwa, anayeitoa ataona kitu, maana lazima ahakikishe mafaili yanafunguka kabla hajakuita. Hilo siwezi kulificha. Isipokua kama diski ilikua imefungwa kwa paswedi tangu mwanzo, mfano kwa BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe. Hapo fundi ananyonya sekta zote hajui kilichomo, anakupa imeji, unaenda kuifungulia nyumbani kwako. Ila ukipoteza paswedi pamoja na ile namba ya akiba ya kufungulia ya tarakimu 48 hakuna fundi duniani atakusaidia, na laptopu nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe mwenye nayo hajui, mkaangalie akaunti zenu za Microsoft kama ipo.

MamaWawili_Moro:

Wakuu nimerudi, leo ni siku ya tano.

Jumamosi kijana alikuja. Tuliazima kompyuta ya mezani kwa jirani, waya mpya, diski mpya ya 2TB, fleshi aliiandaa yeye. Nilipochomeka mikono inatetemeka ikalia tik moja, nikashika waya nichomoe, ikalia tena, alafu nikasikia inazunguka vuuu ikatulia. Tukaangalia majina ya diski mara tatu kama ulivyosema, akataka kubonyeza nikamwambia ngoja, tukaangalia mara ya nne.

Kipande cha kwanza kilienda haraka, kufika asilimia 40 hivi ikaanza kukwama, inaruka inarudi, tukalala tukaiacha. Usiku umeme ulikatika, nilidhani ndo basi, asubuhi tukarudia amri ile ile ikaanzia ilipoishia. Jana saa kumi jioni imesimama 99.99, kilichogoma ni kama megabaiti 31 tu. Kijana muda wote ameona namba tu.

Usiku nilipobaki peke yangu nimeifungua imeji. Folda zote zipo na majina yake. Vyeti, hati, mambo yangu. Video moja ya sendofu ya dada inakata katikati. Rekodi za baba zilikua 14, 13 zinasikika mwanzo mwisho, moja inaruka sekunde kadhaa karibu na mwisho pale anapotaja majina ya dada zake bibi. Shangazi yangu mkubwa bado yupo, nitamuuliza hayo majina kabla ya Idi.

Sasa swali la mwisho. Hii mbovu nifanyeje? Kuna kijana mtaani ananunua diski mbovu.

fundi_diski:

Dada nimefurahi kama ni ya kwangu.

Usiuze na usitupe jalalani. Diski mbovu siyo diski tupu, picha zote za mama bado zimo, anayeinunua anaweza kuichomekea waya mzima kama ulivyofanya wewe. Kwanza ikae kabatini mpaka umalize kufungua kila folda, hata mwezi. Na kabla ya hapo tengeneza kopi ya pili, maana sahivi sauti ya mzee iko tena sehemu moja. Kopi hiyo uifunge kwa VeraCrypt, programu ya bure ya kufunga mafaili kwa paswedi, hiyo paswedi uiandike kwenye karatasi umpe mtu mmoja unayemwamini aifungie na hati zake. Kisha ile mbovu itobolewe na drili katikati ya sahani, tundu tatu nne. Sahani za hizi ndogo nyingi ni za kioo, kwahiyo ifunge kwenye nguo nzito na anayetoboa avae miwani.

MamaWawili_Moro:

Nimekuelewa. Kopi ya pili inaenda kwa dada Iringa, atakuja kuichukua mwenyewe, situmi kwa basi.

Leo jioni tunasikiliza rekodi ya tatu, ile ya mipaka ya shamba. Kaka yuko kwenye simu na daftari.